Unakatwa maksi za yuniti na tarakimu muhimu kwenye kemia? Usikariri jedwali, fanya hivi

Marahaba mdogo wangu. Nimeupitia uzi wako na majibu ya wadau, naona wengi wanakwambia kariri jedwali la kubadili yuniti, na mimi naona huo ndo ushauri mbovu kuliko yote humu. Kwa waliochelewa: binti yuko mwaka wa kwanza diploma ya famasia hapa Tanga, kemia anaielewa vizuri tu, ila kila kwizi anakatwa maksi za yuniti na za tarakimu muhimu (significant figures, zile tarakimu za namba zinazotokana na kipimo chenyewe), anaogopa sapu (mtihani wa marudio), anauliza afanyeje mazoezi nyumbani wakati hana maabara. Mimi ni fundi sanifu maabara, nimekaa kwenye maabara za shule za huku kwetu miaka mingi na jioni nafundisha tuisheni Makorora, tatizo hili nalikuta kila mwaka, tena kwa watoto wenye akili kabisa.

Kwanza acha mtindo wa kufanya hesabu kwa namba tupu halafu yuniti unakuja kuibandika mwishoni. Maksi nyingi zinapotelea hapo. Iandike tangu mstari wa kwanza, izidishe na uigawe kama unavyofanya kwa namba, za juu na za chini zinazofanana zikatane, ukiona imebaki yuniti usiyoitaka ujue kuna sehemu umeipindua. Tuchukue mfano wa fani yako: mtoto ana kilo 12, ameandikiwa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo, na chupa ya dawa ya maji imeandikwa 120 mg/5 mL. Unaandika 12 kg × 15 mg/kg, kilo zinakatana, unabaki na 180 mg. Halafu 180 mg × 5 mL/120 mg, miligramu zinakatana, unapata 7.5 mL, basi. Sasa jaribu kuipindua ile sehemu ya pili uone: inakuja 4320, na yuniti yake ni miligramu za kipeo cha pili kwa mililita, kitu ambacho hakipo popote duniani, yaani karatasi yenyewe inakusuta kabla mwalimu hajaiona. (Huu ni mfano wa hesabu jamani, mtu asije akampimia mtoto dawa kwa kusoma humu.)

Kuna mdau juu ameandika eti yuniti ni urembo wa walimu. Mkuu, Julai 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767, iliishiwa mafuta ikiwa angani huko Kanada. Ilitakiwa iondoke na kilo 22,300 za mafuta. Wakapima yaliyokuwemo kwenye tanki wakakuta lita 7,682, wakazidisha kwa 1.77 wakapata 13,597 na kila mtu akazihesabu kuwa ni kilo. Kumbe ile 1.77 ni ratili (paundi) kwa lita, ya kilo ni kama 0.80, kwa hiyo kweli zilikuwemo kilo elfu sita na mia moja hivi tu. Wakaongeza lita 4,917 wakati zilikuwa zinahitajika lita elfu ishirini na kidogo. Bahati rubani aliishusha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi kule Gimli na watu wote wakatoka hai. Kuzidisha walizidisha sawasawa, rudia mwenyewe kwenye kikokotoo utaona, shida ni ile 1.77 iliyokuwa imekaa peke yake bila yuniti.

Sasa kuna sehemu mbili za kubadili yuniti ambazo hata wanaoandika vizuri huwa zinawaangusha. Ya kwanza ni ujazo. Mtu anajua mita 1 ni sentimita 100, akiona mita ya ujazo naye anazidisha mara 100. Hapana, ni 100 mara 100 mara 100, yaani milioni moja. Chukua bili ya maji hapo nyumbani, yuniti moja ya maji kwenye bili ni mita moja ya ujazo, na hiyo ni lita 1000, yaani ndoo za lita 20 hamsini. Ukizidisha kwa 100 tu utapata sentimita za ujazo 100, ambazo hazijazi hata glasi, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelipia bili hiyo. Ukishajua kwamba cm³ moja ni mL moja na dm³ moja ni lita moja, hizo zingine zote unazijenga mwenyewe bila kukariri kitu.

Ya pili ni nyuzi joto, maana Selsiasi kwenda Kelvini huzidishi, unajumlisha 273.15. Hii sisi Waswahili tunaifanya kila siku kwenye saa. Saa 2 asubuhi yetu ni saa 8 kwa saa ya kizungu, unaongeza 6, ila kipindi cha masaa matatu kinabaki masaa matatu kote kote, huendi kukiongezea 6. Vivyo hivyo maji yakipanda kutoka 25 °C hadi 35 °C yamepanda nyuzi 10, na kwa Kelvini nako ni 10, usiniletee 283. Kila mwaka kuna anayeniletea 283.

Haya, tarakimu muhimu. Hapa walimu wengi wanagawa orodha ya sheria za sifuri wanafunzi wanazikariri kama kasida, halafu mtihani ukibadilika kidogo wanapotea, kwa sababu hawajaambiwa zile tarakimu zinatoka wapi. Zinatoka kwenye kifaa. Namba unayoiandika inamwambia msomaji kifaa chako kiliweza kuona mpaka wapi, basi, hakuna zaidi.

Angalia bureti, lile bomba refu la kioo lenye alama na koki chini. Imechorwa kila baada ya 0.1 cm³. Unaifunga kwenye stendi iwe wima, unatoa ile faneli juu (ukiiacha, tone moja likidondoka humo katikati ya taitresheni, yaani wakati unadondoshea asidi kwenye besi kupima kiasi, majibu yote yameharibika), unahakikisha hakuna kipovu cha hewa kule chini ya bomba, halafu unashusha jicho mpaka liwe usawa wa maji, si kusimama na kuchungulia kwa juu. Weka kipande cha karatasi nyeupe nyuma yake. Maji yanajipinda yakawa kama bakuli, unasoma chini ya bakuli. Sasa ule mstari wa chini ukiwa juu ya alama ya 24.5 hasa hasa, unaandika 24.50, huandiki 24.5. Ile sifuri ya mwisho si pambo, inasema nimeangalia katikati ya alama na alama nikaona haijasogea. Ukiandika 24.5 umejinyima mwenyewe kitu ulichokiona kwa macho yako. Na ukiandika 24.500 umedai macho ya kunguru. Pia kumbuka bureti inahesabu kuanzia juu kwenda chini, sifuri ipo juu, na hapo wageni wanasoma kinyume.

Ukishaelewa hivyo zile sheria zinajileta zenyewe. 0.00450 g ina tarakimu tatu, zile sifuri za mbele zinaonesha tu desimali ilipo, ukiandika 4.50 mg zinapotea na hakuna kilichopungua. 4500 haijulikani ni mbili, tatu au nne, kwa hiyo andika 4.50 × 10³ umalize ubishi. Vitu vya kuhesabu kama vidonge 5, na vya makubaliano kama mL 1000 kwenye lita au inchi moja kuwa 2.54 cm, havina kikomo cha tarakimu, usije ukasema "1000 ina tarakimu moja kwa hiyo jibu langu liwe na moja", hilo nimeliona kwenye madaftari mengi mno.

Lakini kinachoua zaidi ni kujumlisha na kutoa, kwa sababu hapo huhesabu tarakimu, unaangalia nafasi za desimali. Mfano wa mizani: kisahani kitupu 32.47 g, kikiwa na chumvi 32.59 g. Zote zina tarakimu nne, mtu anajiona tajiri. Toa sasa. 0.12 g. Umebakiwa na mbili! Gawa kwa 58.44 g/mol upate moli za NaCl, kikokotoo kitakuletea 0.002053 na mkia wake, wewe unaandika 0.0021 mol na huna ujanja mwingine. Ukitaka tarakimu zaidi weka chumvi nyingi zaidi au tafuta mizani bora, huwezi kuzipata kwa kubonyeza kikokotoo. Kwa sheria hiyo hiyo 31 °C ukiipeleka Kelvini inakuwa 304 K, ilikuwa na tarakimu mbili imekuwa na tatu na ni halali kabisa, maana unajumlisha. Na pH (kipimo cha ukali wa asidi) ukikutana nayo: tarakimu zinazohesabika ni za baada ya nukta tu, kwa hiyo ioni za haidrojeni zikiwa 2.5 × 10⁻⁴ mol/dm³, pH ni 3.60.

Halafu usikate namba katikati ya safari. Tuseme umepima kwa pipeti 25.00 cm³ za NaOH ya 0.100 mol/dm³, HCl iliyotumika kwa wastani ni 24.35 cm³, na zinaungana moli moja kwa moli moja. Asidi ni 0.10267 mol/dm³, na bado unatakiwa uipeleke kwenye gramu kwa dm³ kwa kuzidisha na 36.46 g/mol. Ukiiacha ilivyo unapata 3.74. Ukiikata kwanza iwe 0.103 ndo uzidishe unapata 3.76. Daftari moja, namba zile zile, majibu mawili. Andika 0.103 kama jibu la kipengele (a), sawa, ila kipengele (b) endelea na ile ndefu.

Mazoezi ya nyumbani sasa, maana ndo ulichouliza. Tafuta futi ya kamba ya fundi cherehani, upande mmoja inchi upande mwingine sentimita. Pima meza, mlango, kanga, soma kwa inchi kwa kukadiria katikati ya alama, badilisha kwa hesabu kwenye karatasi, halafu geuza futi usome sentimita. Inakusahihisha papo hapo bila mwalimu. Sentimita 150 inatakiwa iangukie inchi 59 na kidogo, ikikataa hiyo futi imechapwa ovyo. Chukua lebo za vitu vya dukani pia, dumu la lita 5 la mafuta ya alizeti lina kilo ngapi kama densiti ni 0.92 kg/L (4.6), na kabla hujashika kalamu kadiria kwanza, mafuta yanaelea juu ya maji kwa hiyo lazima ipungue 5. Ukipata 5.4 unajua umegawa badala ya kuzidisha.

Lingine ninalolipenda ni la maji. Nunua bomba la sindano la mL 10 duka la dawa, na kama kuna mizani ya jikoni ya kidijitali, pima mL 10 za maji uone gramu 10. Lakini huku kwetu maji ya bombani kipindi cha joto yanafika nyuzi 30, na kwenye nyuzi 30 densiti ya maji ni 0.9957 g/mL si 1. Mbona mizani haioni? Kwa sababu inasoma gramu nzima nzima. Kwa tarakimu mbili maji ya Tanga ni 1.0, kwa tatu ni 0.996, hapo ndo joto linaanza kuonekana. Na ukienda maabara tazama ile chupa ya shingo nyembamba yenye mstari mmoja, imeandikwa 20 °C. Jaza mL 250 za maji: kwenye nyuzi 20 ni gramu 249.6, kwenye nyuzi 30 ni 248.9. Mwenye mizani ya jikoni halimhusu, mwenye mizani ya desimali nne linamhusu sana.

Kuhusu kikokotoo, kama una Casio ya kisayansi weka SCI 3, itakuonesha tarakimu tatu kwa mtindo wa vipeo vya kumi huku ndani inatunza namba yote, kwa hiyo ukiendelea na Ans hukati kitu. Ila kwenye kujumlisha na kutoa haikusaidii, yenyewe inahesabu tarakimu haijui nafasi za desimali, hapo tumia jicho. Na kwizi ijayo ukikwama leta picha ya swali zima pamoja na mistari yako yote uliyoandika, si jibu peke yake, nikuoneshe yuniti ilipopotelea.