Maswali ya Wasomaji: Ahadi za Tabianchi na Hesabu Zake

SWALI: Ndugu Mhariri, nchi ikijiunga na Mkataba wa Paris wa tabianchi kisha isitimize ahadi yake ya kupunguza gesijoto (gesi zinazopasha dunia joto), inapelekwa mahakama gani?

JIBU: Mkataba wenyewe hauna mahakama wala faini. Kinachoilazimu nchi kisheria ni utaratibu: kuwasilisha mpango mpya kila miaka 5, kutunza hesabu ya gesijoto inayozalisha na kutoa ripoti kila miaka 2. Ripoti za kwanza zilitakiwa kufika ifikapo mwisho wa Desemba 2024. Kiasi cha kupunguza nchi inajipangia yenyewe.

Wanaouona huu kuwa ulegevu wakumbuke Itifaki ya Kyoto ya 1997, makubaliano ya tabianchi yaliyotangulia Paris. Ile ilikuwa na adhabu: nchi tajiri iliyovuka kiwango chake ilidaiwa tani zilizozidi, na juu yake asilimia 30, katika kipindi kilichofuata. Kanada, iliyokuwa imeshavuka mbali, ilitoa taarifa ya kujitoa Desemba 2011. Adhabu ilimkimbiza mdaiwa badala ya kumlipisha. Hata hivyo, uhuru wa kujipangia una mipaka: Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba nchi haiwezi kuandika lolote ipendalo katika mpango wake. Maoni hayo si hukumu, ila mawakili wanaweza kuyanukuu.

SWALI: Serikali yetu imeuza nje punguzo la kaboni, yaani tani za gesijoto ilizoepusha, lakini bado inalitangaza kuwa mafanikio yake. Inaruhusiwa?

JIBU: Kwenye hotuba, sawa. Kwenye hesabu inategemea kama serikali ilitoa idhini ya maandishi. Bila idhini, punguzo linabaki katika hesabu ya nchi hata kama kampuni ya nje imenunua cheti chake. Idhini ikitolewa chini ya kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris, muuzaji lazima afanye marekebisho linganifu, yaani arudishe tani alizouza kwenye hesabu yake. Tuseme nchi ilizalisha tani milioni 10 za gesijoto na imeuza punguzo la tani 100,000. Katika ripoti yake itaandika tani milioni 10.1, na nchi iliyonunua itaondoa 100,000 kwenye hesabu yake. Mauzo ya kwanza kati ya nchi na nchi kwa njia hii yalikamilika mwanzoni mwa 2024: Uswisi ilipokea tani 1,916 zilizotokana na mabasi ya umeme ya Bangkok, Thailand.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuuza punguzo lile rahisi, kama kukamata gesi ya dampo, kisha nchi ikabaki na viwanda vya saruji na malori, ambako kila tani inayopunguzwa ni ghali. Wizara ipange kwanza: nini tutafanya kwa fedha zetu, nini kwa msaada, kinachozidi hapo ndicho kiuzwe. Barua ya idhini nayo itaje kiasi, miaka, na matumizi, yaani kama tani zinakwenda kwenye ahadi ya nchi nyingine au kwa mashirika ya ndege yanayofidia gesijoto zao. Barua isiyotaja matumizi huzaa ugomvi baadaye. Na kama ahadi yenu ni ya mwaka 2030 peke yake, msidhani tani zilizouzwa 2026 zimesahauliwa. Kanuni zinataka zigawanywe kwa wastani wa kipindi chote, au nchi iweke kiwango cha kila mwaka na tani zihesabiwe mwaka hadi mwaka.

Anayepitia utaratibu unaosimamiwa na Umoja wa Mataifa, kifungu cha 6.4, ajue pia makato: katika vyeti 100,000 (kimoja kwa kila tani), vyeti 5,000 huenda Mfuko wa Kuhimili Tabianchi na 2,000 hufutwa kabisa. Cha kuuza ni 93,000.

SWALI: Shirika letu liliandika mradi wa umeme wa jua kwa ajili ya vijiji, tukautuma Mfuko wa Kijani wa Tabianchi. Hawakuupokea. Tatizo nini?

JIBU: Mfuko huo, unaogharamia miradi ya tabianchi katika nchi zinazoendelea, haupokei mradi moja kwa moja kutoka kwa kila shirika. Tafuteni taasisi iliyoidhinishwa na Mfuko, na mhakikishe idhini yake inaruhusu aina ya fedha mnayotaka, ruzuku au mkopo. Kisha mwoneni mwakilishi wa Mfuko serikalini mapema, kwa sababu bila barua yake ya kutokuwa na pingamizi maombi hayafiki kwenye bodi. Fedha za maandalizi zipo, hadi dola milioni 1.5 kwa mradi, nazo huombwa na taasisi hiyo.

Halafu kuna hoja yenyewe. “Vijiji havina umeme” ni hoja ya maendeleo. Mfuko unataka hoja ya tabianchi yenye namba. Pimeni dizeli inayotumika sasa vijijini, ambayo umeme wa jua utaiondoa. Lita moja hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, hivyo lita 50,000 kwa mwaka ni kama tani 135.

SWALI: Katika mkutano wa tabianchi wa Dubai mwaka 2023 mataifa yaliahidi kuongeza nishati jadidifu (ya jua, upepo, maji na nyinginezo zisizokwisha) mara tatu ifikapo 2030. Umeme safi nao utakuwa mara tatu?

JIBU: La. Ahadi ni ya uwezo wa mitambo, si umeme unaozalishwa: angalau gigawati 11,000 duniani, na mabwawa ya umeme wa maji yamo humo. Mtambo wa jua wa megawati 100 unaofikia wastani wa asilimia 20 ya uwezo wake hutoa megawati-saa 175,200 kwa mwaka, na hupungua zaidi gridi ikishindwa kubeba umeme wa adhuhuri. Serikali ikitangaza megawati (uwezo wa mtambo), ulizeni megawati-saa (umeme uliotoka kweli).