Moyo kwenda mbio baada ya upasuaji

SWALI: Mama yangu ana miaka 61. Vali yake ya mitrali (mlango kati ya chemba mbili za kushoto za moyo) iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, wakamwekea ya chuma. Siku ya tatu moyo ukaanza kwenda mbio bila mpangilio. Je, kuna mtu alikosea? Jirani yetu alifanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo na hakupata shida hiyo. – Msomaji, Kayole, Nairobi

JIBU: Pole kwa kuuguza. Shida hii, fibrilesheni ya atria, huwapata wengi waliofanyiwa upasuaji wa moyo hata kazi ikiwa safi, na mara nyingi huja kati ya siku ya pili na ya nne, uvimbe wa ndani unaotokana na upasuaji ukiwa mkali.

Hatari kubwa ni umri. Kwa mama yako imeongezwa na vali. Vali ya mitrali ikibana au ikivuja, damu hurundikana chemba ya juu kushoto miaka na miaka; chemba inatanuka, ukuta wake unaota makovu, na umeme wa moyo unapofika hapo unapotea njia. Kubadilisha vali hakufuti makovu hayo. Jirani yenu huenda chemba yake haikuwahi kutanuka. Presha, unene, ugonjwa wa mapafu na wa figo navyo huchangia.

Yapo yanayorekebishika. Dawa ya kukojoza, kama furosemidi, hutoa mwilini potasiamu na magnesiamu, madini yanayotuliza mapigo ya moyo. Wodini wengi hupenda potasiamu ya damu isishuke chini ya 4 mmol/L. (Ndizi zina potasiamu, lakini msimjaze kwa kubahatisha, hasa figo zikiwa dhaifu.) Kukatiza ghafla beta bloka (dawa za kupunguza kasi ya moyo) kama bisoprololi nako huchokoza moyo.

Kwa vali ya chuma ya mitrali, warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni ya maisha, hata mapigo yakitulia. INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, hulengwa kati ya 2.5 na 3.5. Sukuma wiki ina vitamini K inayopingana na warfarini, lakini asiiache; ale kiasi kilekile kila wiki, kwani akiacha kabisa INR hupanda, akizidisha hushuka. Akiumwa mgongo asimeze diklofenaki ya dukani: pamoja na warfarini inaweza kumtoa damu tumboni.

Kila asubuhi, kabla ya chai, mwekee vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Sekunde 15 mara nne hudanganya mapigo yakiwa ya kuyumba. Yakizidi 110 ametulia, mpigie daktari wake siku hiyo. Akizirai, akishindwa kupumua, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, mkimbizeni hospitali papo hapo.