Barua kwa mwanangu: Safari za babu yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza: babu, na safari zake zote zile, familia alikuwa na muda nayo saa ngapi? Najua wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa siku ya arobaini, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu kidogo.

Safari zake alizifanya nasi. Babu yako alikuwa mwalimu, na mwalimu enzi zile alikuwa mtu wa uhamisho: leo Tabora, kesho Kasulu, mwaka mwingine Mpanda. Wenzake wengi waliacha wake na watoto kwa wazazi. Baba alikataa. Tulipanda treni na magodoro, kuku na masanduku ya vitabu, na tukikaribia daraja la Malagarasi alituamsha hata kama ni usiku wa manane, tusikie magurudumu yanavyobadili sauti juu ya maji.

Likizo zilikuwa za ziwani. Siku moja alikuja na kamba aliyoipiga fundo kila pima moja, akafunga jiwe mwishoni, tukatoka kwa mtumbwi hadi Ujiji ikawa mstari tu nyuma yetu. Akaniambia niteremshe jiwe huku nikihesabu mafundo kwa sauti. Kamba ikaniishia mkononi, jiwe bado linaning'inia. Ndipo akasema Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na kwamba duniani ni Ziwa Baikal pekee lenye kina zaidi. Darasani ningeisahau namba hiyo kabla ya kengele.

Meli ya Liemba nayo alitupandisha. Alitusimulia kwamba Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916 waliipaka mitambo grisi nene kwanza, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 wakakuta bado inafaa. Kaka zangu walikwenda kugusa kuta za chumba cha mashine mpaka wakafukuzwa.

Kuna kipindi alitupungukia, lazima niseme kweli. Mwaka 1977, elimu ya msingi kwa wote ilipoanza, madarasa yalifurika, akafundisha asubuhi na jioni. Tuliyekuwa naye ni mama. Na hata zile safari, nani alipika mihogo na dagaa vya njiani, nani alikesha na mtoto mwenye homa? Bibi yako asitajwe kwa sentensi moja tu, nakuomba.

Alipostaafu alitupeleka Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, nasi tukiwa watu wazima. Tulipanda mtumbwi wa injini Kibirizi, kisha tukapanda kwa miguu hadi maporomoko ya Kakombe, yeye mbele na fimbo yake. Habari za Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alizijua zote, lakini aliyoipenda kuliko zote ni kwamba Goodall alipofika pale Julai 1960 alikuwa na mama yake mzazi. Aliirudia mara mbili njiani.

Kwa hiyo usianze na orodha ya shule alizofundisha. Anza na watu aliokuwa nao. Andika kwamba mabinti zake wote tunajua kuogelea na kupiga kafi, wakati majirani walimwona baba anayetuharibu, naye hakujali.

Ukimaliza nitumie, nimsomee bibi yako kwanza. Yeye ndiye atakayesema kama tumemtendea haki mume wake.

Mama yako,
Kigoma