Programu ya kuhariri picha iliyokuja na kamera: je, nilipie toleo jipya?

SWALI: Ndugu mtaalamu, salaam. Ninapiga picha za kipaimara, harusi na mahafali hapa Moshi na katika vijiji vya Machame na Marangu. Kwa miaka mingi nimetumia kamera ya Nikon D3200, na picha nilikuwa nikizirekebisha kwa ViewNX 2, programu iliyokuja na kamera hiyo kwenye diski yake. Baadaye ndugu yangu aliyeko Uingereza alininunulia nakala halali ya Lightroom 6, programu ya kuhariri picha ya kampuni ya Adobe. Hivi karibuni nimenunua Nikon Z50. Ndani ya boksi hamkuwa na diski yoyote, na faili za NEF za kamera hii mpya hazifunguki kwenye programu zote mbili, ingawa za kamera ya zamani zinafunguka bila shida. Muuzaji ameniambia kwamba ni lazima nilipie Lightroom mpya kila mwezi, au nimpelekee kompyuta aniwekee nakala isiyodai malipo. Je, ni kweli sina njia nyingine? Na nikibadilisha programu, kazi za wateja nilizokwisha kuzihariri zitapotea? — Mpiga picha, Majengo, Moshi.

JIBU: Ndugu, hulazimiki kulipa chochote ili kufungua picha za kamera yako mpya, na kazi zako za zamani hazitapotea iwapo utafuata utaratibu nitakaoueleza hapa. Kwanza ondoa wasiwasi kuhusu kamera yenyewe na kadi yake, kwa kuwa havina hitilafu. NEF ni jina la jumla tu la faili ghafi (RAW) za Nikon, yaani data ya picha kama kamera ilivyoinasa, kabla ya kugeuzwa kuwa JPEG. Mpangilio wa data ulio ndani yake hutofautiana kati ya kamera moja na nyingine, na programu haiwezi kuisoma faili mpaka watengenezaji wake wawe wameifundisha kuitambua kamera iliyoitoa. Mwaka 2015 Nikon waliiacha ViewNX 2 na kutoa ViewNX-i mahali pake. Lightroom 6 nayo ilitoka mwaka huohuo wa 2015, na sasisho lake la mwisho, toleo la 6.14, lilitolewa Desemba 2017. Z50 iliingia sokoni mwishoni mwa 2019. Programu zako zote mbili, kwa hiyo, zilikuwa zimekwisha kufungwa kabla kamera hiyo haijakuwapo, na hakuna fundi atakayezirekebisha zikaifahamu.

Mrithi halali wa ile ViewNX 2 yako anaitwa NX Studio. Nikon waliitoa mwaka 2021 kwa kuunganisha kazi za ViewNX-i na za Capture NX-D, programu yao nyingine ya kuhariri, katika programu moja, na wanaitoa bure. Diski haipo kwenye boksi kwa sababu siku hizi programu hupakuliwa kutoka tovuti ya kampuni. (Wenye kamera za Canon huiendea Digital Photo Professional kwa njia hiyohiyo, ila wao huombwa kuandika namba ya kamera iliyochapishwa kwenye mwili wake.) Faili ya usakinishaji ni kubwa, hivyo tafuta mahali penye intaneti tulivu badala ya kuunguza bando la simu, na uipakue kutoka tovuti ya Nikon yenyewe, si kutoka kurasa nyingine zinazojitangaza kuwa na programu hiyo.

Ningependa uianze kazi na NX Studio hata kama una uwezo wa kulipia programu nyingine, na sababu yangu si bei peke yake. Programu ya mtengenezaji wa kamera husoma maagizo yote uliyoyaweka kwenye kamera wakati wa kupiga, jambo ambalo programu za kampuni nyingine hazilifanyi kikamilifu. Chukua mfano wa harusi: maharusi wametoka kanisani saa saba mchana, jua liko utosini, bibi harusi amevaa gauni jeupe na bwana harusi suti nyeusi. Ukiwa umewasha Active D-Lighting, kamera hupunguza mwanga kidogo wakati wa kupiga ili nakshi za gauni zisipotelee katika weupe, kisha huinua sehemu za kivuli ili suti na nyuso zionekane. Katika faili ghafi, kule kupunguza mwanga kumekwisha kufanyika na hakurudi nyuma, lakini kule kuinua vivuli kumebaki kuwa agizo lililoandikwa pembeni. NX Studio hulitekeleza agizo hilo, Lightroom hailisomi. Wapiga picha wengi huifungua faili hiyo katika Lightroom, wakaiona picha nyeusi kuliko walivyoiona kwenye kioo cha kamera, wakaishuku kamera au lenzi, ilhali kilichotokea ni kwamba nusu ya agizo imetekelezwa na nusu imeachwa. Ukiamua kuhariri kwa programu isiyo ya Nikon, zima Active D-Lighting kwenye menyu na upime mwanga mwenyewe.

Ukiwa hapohapo kwenye menyu, angalia pia kina cha biti cha kurekodi NEF. D3200 yako ilirekodi kwa biti 12, yaani ngazi 4,096 za mwanga kwa kila rangi. Z50 inakuruhusu kuchagua biti 14, ambazo ni ngazi 16,384. JPEG ina ngazi 256 tu. Tofauti hiyo huonekana unapoinua kivuli kizito, kama vile uso wa mtoto wa kipaimara aliyesimama chini ya mgomba huku nyuma yake kukiwa na anga nyeupe. Usisikitike kwamba kamera mpya ina megapikseli 20.9 wakati ya zamani ilikuwa na 24.2, kwa maana kwa albamu na picha za ukutani tofauti hiyo haionekani.

Sasa nije kwenye kazi zako za zamani, na hapa nakuomba uende polepole. Kabla ya kusakinisha kitu chochote, nakili folda zote za picha kwenye diski ya nje, kisha ufungue baadhi ya nakala hizo kutoka diski hiyo ili uhakikishe kwamba zinafunguka. Programu za kuhariri faili ghafi haziigusi picha yenyewe. Huandika orodha ya marekebisho, na kila programu huiandika kwa lugha yake na mahali pake. ViewNX 2 iliyaandika marekebisho ndani ya faili ya NEF. NX Studio huyaandika katika faili ndogo ndogo ambazo huziweka ndani ya folda iitwayo NKSC_PARAM, kando ya picha zako. Lightroom 6 huyaweka katika katalogi yake, yaani faili moja ya kumbukumbu za picha zote. Usitegemee kwamba programu moja itayatafsiri marekebisho ya nyingine sawasawa na ulivyoyafanya. Kila kazi ambayo mteja anaweza kurudi kuiomba, itoe kwanza (export) kutoka programu uliyoihariria, kwa faili ya TIFF ya biti 16 kwa picha chache za thamani na kwa JPEG ya ubora wa juu kwa zilizobaki. Picha iliyotolewa namna hiyo imebeba marekebisho ndani yake na itafunguka katika programu yoyote. Kwenye Lightroom 6 fanya pia jambo moja la ziada: chagua picha zote katika folda, kisha ubonyeze Ctrl na S, ili marekebisho yaandikwe katika faili za XMP kando ya picha, nje ya katalogi. Ukija kuhamia toleo jipya la Lightroom litazisoma faili hizo.

Hiyo folda ya NKSC_PARAM nairudia kwa makusudi, kwa sababu imewaliza wengi. Ukiteua faili za NEF peke yake na kuzihamishia kwenye diski ya nje, marekebisho yote hubaki nyuma, na siku utakapozifungua utazikuta kama zilivyotoka kwenye kadi. Hamisha folda nzima kila mara. Wala usiiondoe ViewNX 2 wala Lightroom 6 kwa haraka ya kupata nafasi. Ziache kwenye kompyuta kwa kadiri zinavyoendelea kufanya kazi, hasa Lightroom 6, ambayo haiuzwi tena na ambayo kuisakinisha upya kunaweza kukusumbua.

Lightroom 6 yenyewe bado inaweza kuhudumia kamera mpya kwa njia ya mzunguko. Adobe wanatoa bure programu iitwayo Adobe DNG Converter, ambayo hugeuza faili ghafi za kamera mpya kuwa DNG, muundo ambao Adobe wenyewe waliutangaza mwaka 2004 na ambao Lightroom 6 inaufahamu. Kwenye mapendeleo yake chagua upatanifu na Camera Raw 7.1 na kuendelea, elekeza folda ya NEF, kisha uingize DNG zitakazotoka kwenye Lightroom 6 kama ulivyozoea. Njia hii inaongeza hatua moja na inakula nafasi ya diski, lakini kwa mtu aliyezoea Lightroom na mwenye katalogi ya miaka mingi, inafaa sana. Sharti langu moja tu: usizifute NEF baada ya kuzigeuza. NX Studio haifungui DNG, na ukizifuta umejifungia mlango wa kurudi kwenye rangi halisi za Nikon.

Kuhusu kulipia Lightroom mpya, muuzaji amekosea kusema ni lazima, ila sikushauri uitupilie mbali. Mambo mawili humo yana thamani kwa mtu wa kazi yako. La kwanza ni uwezo wake wa kumtambua mtu au anga katika picha na kukuwezesha kurekebisha sehemu hiyo peke yake, kazi ambayo kwa NX Studio utaifanya kwa alama za kudhibiti rangi, moja baada ya nyingine. La pili ni uondoaji wa chengachenga (noise) ulioingizwa mwaka 2023, ambao kwa picha zilizopigwa ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu, kwa ISO 6400 au zaidi, hutoa matokeo ambayo ViewNX 2 haikuyakaribia. Uondoaji huo, hata hivyo, unahitaji kompyuta yenye kadi nzuri ya kuchakata picha (GPU). Kwenye mashine ya kawaida utasubiri dakika kadhaa kwa picha moja, na albamu ya harusi ina mamia. Soma masharti kabla ya kuweka namba ya kadi ya benki: mpango unaolipwa kila mwezi mara nyingi ni mkataba wa mwaka mzima, na ukiuvunja baada ya siku 14 za mwanzo unadaiwa sehemu ya miezi iliyobaki. Ukiacha kulipa, Lightroom Classic, yaani toleo jipya la kompyuta linaloendeleza ile Lightroom 6, itakuruhusu kuziona na kuzitoa picha zako, lakini sehemu ya kurekebisha hufungwa. Kama kipato cha kupiga picha hupanda Desemba watu wanaporudi Kilimanjaro na kushuka miezi mingine, ada isiyokoma ni jambo la kulipigia hesabu kwa makini.

Kwa mtazamo wangu, fedha ya mwaka wa kwanza wa ada hiyo ingekufaa zaidi ndani ya kompyuta. Kama ina RAM ya GB 4 na diski kuu ya kuzunguka, NX Studio itakwenda kwa kusuasua, na Lightroom mpya pia. Ongeza RAM ifike angalau GB 8, ukiweza 16, na ubadilishe diski kuwa SSD, ile isiyo na sehemu inayozunguka. Hapo utaona kasi ambayo programu mpya peke yake haiwezi kuileta. Hakikisha pia mfumo wako wa Windows ni wa biti 64, kwa kuwa NX Studio haisakiniki kwenye ule wa biti 32, na upitie mahitaji ya toleo unalolipakua, yanayoandikwa kwenye ukurasa uleule wa kupakulia.

Wapo pia darktable na RawTherapee, programu huria zisizolipiwa kabisa, ambazo zinaifahamu Z50. Darktable ina uwezo mkubwa wa kurekebisha sehemu ya picha, lakini inadai mtu akae nayo ajifunze, na nisingekushauri uijaribie kwenye kazi ya mteja anayesubiri.

Lile pendekezo la nakala isiyodai malipo likatae moja kwa moja. Nakala zilizochakachuliwa hutolewa na watu wasiojulikana, nawe unaombwa uzime kinga ya virusi wakati wa kuzisakinisha, kwenye kompyuta ileile yenye picha za familia za watu ambazo hazipigiki mara ya pili. Zaidi ya hayo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, inalinda programu za kompyuta, na inalinda picha zako vilevile. Mpiga picha anayetaka mwenye ukumbi au mchapishaji wa kalenda aheshimu kazi yake hana msimamo akiwa anafanya kazi hiyo kwa programu ya wizi.

Jambo la mwisho ni sasisho la kamera yenyewe, ambalo wauzaji hulichanganya na sasisho la programu ya kuhariri. Hilo nalo hupatikana bure kwenye tovuti ya Nikon. Ingia kwenye menyu ya mipangilio uone toleo lililomo. Kama lililoko kwenye tovuti ni jipya zaidi, lipakue, liweke kwenye kadi iliyofomatiwa ndani ya kamera, nje ya folda yoyote, kisha uanze usasishaji ukiwa na betri ya EN-EL25 iliyojaa, na usiizime kamera mpaka ikuambie imemaliza.