Nembo ya hariri yenye madoa: niiloweke?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimenunua mnadani hapa Leicester nembo ya cheo ya afisa wa Kichina wa enzi ya Qing (ukoo wa mwisho wa kifalme China), hariri iliyotariziwa kwa mkono, yenye korongo mweupe na jua jekundu. Ina madoa ya kahawia na imepasuliwa wima katikati. Muuzaji kaniambia niiloweke kwenye maji baridi na shampuu ya watoto, eti hariri halisi haiogopi maji. Nifanye hivyo?

JIBU: Hapana, dada. Mpasuko usikutie hofu. Koti la juu la afisa wa Qing lilifungukia mbele, kwa hiyo nembo ya kifuani ilikuwa vipande viwili, na ya mgongoni ndiyo nzima. Korongo ni cheo cha kwanza upande wa kiraia. Kama si nakala, umeokota.

Hilo la maji sasa limenichosha masikio. Wanaolisema hukumbusha kuwa vifuko vya viwavi huchemshwa ndipo uzi utoke. Kweli, huchemshwa. Lakini je, ndani ya beseni utakuwa umeweka hariri tupu? Uzi wa dhahabu unaozungushia mawingu yaliyotariziwa ni karatasi: dhahabu nyembamba mno hubandikwa juu yake kwa gundi, ikakatwa vijiutepe, vikazungushwa juu ya uzi wa hariri. Gundi ikilowa, dhahabu inabanduka na huwezi kuirudisha. Upande wa nyuma nao mara nyingi umepakwa uji wa wanga au kubandikwa karatasi ili ncha za nyuzi zishikane. Vyote hivyo hurudi kwa kasi tofauti vikikauka, kitambaa kikajikunja.

Halafu rangi. William Perkin alivumbua zambarau ya kemikali London mwaka 1856, na kabla karne haijaisha rangi za aina hiyo zilikuwa zimeshafika kwa watarizi wa China. Nyingi huchuja zikiguswa na maji. Korongo wako mweupe atatoka beseni na kifua cha waridi.

Shampuu ina afadhali. Wapo wanaofundisha ndimu na chumvi, wengine pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi, na wafuasi wanawapigia makofi! Wabaya zaidi ni wauzaji wanaofua kabla ya mnada ili rangi zing'ae pichani. Kabla ya kulipa, geuza kipande. Ukiona wingu la rangi limezunguka ua, mishono imelala bapa kama nyasi zilizokanyagwa, au uzi wa dhahabu umebaki wekundu na weupe usiong'aa, kimeshafuliwa; usilipe bei ya kitu cha kale kilicho salama. Na kilichogundishwa kwenye ubao ili kiingie fremu, kiache hapohapo mnadani, usikinunue.

Madoa yako yaache. Vumbi livute kwa kifyonza vumbi cha nguvu ndogo kabisa, ukiweka wavu laini kati. Kisha ilaze bapa kwenye karatasi isiyo na asidi, mbali na dirisha.