Yalimwagika au yalimwagwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili hapa Moshi. Katika insha ya mazingira, mwanafunzi wangu ameandika: "Mafuta mengi yalimwagika na meli ya Exxon Valdez." Nimemkata alama, naye anashikilia kwamba sentensi inaeleweka. Nimweleze vipi?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Alama umeikata kwa haki. "Mwagika" iko katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo haimpokei mtenda kwa "na". Aandike "yalimwagika kutoka kwenye meli". Akitaka kumtaja aliyemwaga, ahamie kauli ya kutendwa: "yalimwagwa na fulani".

Ila usiishie kwenye sarufi, maana kauli ya kitenzi ndiyo inayosema nani anahusika. Meli ile iligonga mwamba huko Alaska tarehe 24 Machi 1989, zikaingia baharini takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi. Miongo ilipita, na bado ukifukua kokoto za ufukweni uliyakuta. Uzembe ulikuwepo, lakini hakuna aliyekusudia kuyamwaga, kwa hiyo "yalimwagika" inakaa sawa. Kuwait mwaka 1991 ni habari nyingine kabisa. Majeshi ya Iraki yakiwa yanarudi nyuma yaliwasha moto visima zaidi ya 600. Ukiandika "visima viliungua" umemficha mtenda anayejulikana, andika "vilichomwa".

Kinachoniuma zaidi ni "Bahari ya Aral ilikauka". Kisarufi haina kosa. Lakini lile lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, na ukame sio uliolimaliza. Kuanzia miaka ya 1960, serikali ya Kisovieti ilichepusha maji ya mito Amu Darya na Syr Darya kumwagilia mashamba ya pamba. Leo sehemu kubwa ni jangwa, na upepo unawapeperushia wakazi vumbi la chumvi na viuatilifu. Ziwa lile lilikaushwa, tuseme hivyo hivyo.

Hapo kwenu, kwa moto wa Mlima Kilimanjaro wa Oktoba 2020, "uoto uliungua" inatosha. "Ulichomwa" ni tuhuma kwamba mtu aliuwasha makusudi, na tuhuma inahitaji ushahidi.

Mrudishie kijana insha yake. Apitie kila kitenzi cha maafa alichoandika, na kabla ya kuchagua kauli ajiulize kama mtenda anajulikana.