Unayeanza saketi za stroboskopu, anza na kapasita

Kila anayekuja kujifunza saketi za stroboskopu, yaani taa inayomweka kwa vipindi sawa ili kitu kinachozunguka kionekane kimesimama, huuliza kwanza habari za taa: ni ya zebaki au ya zenoni, inawaka kwa nguvu gani. Wiki ya kwanza taa iache. Shika kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme.

Harold Edgerton, akiwa mwanafunzi wa chuo cha teknolojia cha MIT kule Marekani miaka ya 1920, alikuwa akichunguza mota za sinkronasi, zile ambazo mzunguko wake hufuata mapigo ya umeme. Alitaka kuona rota, sehemu inayozunguka, inavyoyumba mzigo ukibadilika ghafla, na jicho halina mbio hizo. Sahani inayozunguka yenye matundu ya kuchungulia, ya tangu enzi za Simon Stampfer wa Vienna miaka ya 1830, huzuia sehemu kubwa ya mwanga. Edgerton alishika njia nyingine: chaji ijae taratibu kwenye kapasita, kisha imwagike yote kwa mkupuo ndani ya taa ya mvuke wa zebaki. Mimweko ikienda sambamba na mzunguko, rota huonekana imesimama. Alipata udaktari mwaka 1931, na ukifungua flashi ya kamera utalikuta wazo lilelile.

Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuunganisha waya hata mmoja. Mota ya sinkronasi yenye ncha nne za sumaku (pole), kwenye umeme wa hezi 50, huzunguka mara 1500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde. Una milisekunde 40 tu za kujaza kapasita. Mikrofaradi 4 na rezista ya omu 2000 zinatosha: 4 mara 2000 ni mikrosekunde 8000, yaani milisekunde 8, na kapasita hujaa karibu yote baada ya mara tano yake, yaani 40. Kwa volti 300, kila mweko ni jouli 0.18, sawa na wati 4.5 kwa mimweko 25 kila sekunde. Hapa ndipo wengi huunguza vitu, kwa sababu rezista nayo hula wati 4.5 hizohizo. Weka ya wati 10.

Ukitaka mwanga zaidi, usikimbilie kapasita kubwa, maana hurefusha mweko na picha inafifia kingo. Volti zikiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Rezista nayo ukiipunguza mno, taa haizimiki kati ya mweko na mweko. Inabaki inang'aa tu.

Kapasita ya flashi ilishanipiga betri nikiwa nimeitoa. Imwage kupitia rezista, kisha pima kwa mita, kila mara. Na usimmulikie mtu mwenye kifafa.

Kupima mwendo, chora alama moja kwenye shafti. Anza na mimweko ya kasi kubwa, shuka taratibu mpaka alama ionekane moja kwa mara ya kwanza. Ukianzia chini, mimweko 750 na 500 kwa dakika nayo itakuonyesha alama moja, na utaandika jibu la uongo. Shafti hiyo unayoiona imetulia bado inakwenda 1500 kwa dakika, kwa hiyo kata umeme wa mota, washa taa ya kawaida, uione imesimama kweli ndipo upeleke mkono.